Sura ya Sita: Samaki wa Gizani

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Mazungumzo haya husikika kila siku kuanzia Tunduma hadi Turkana, na hakuna anayeyatilia maanani kwa kuwa kila upande umetimiza wajibu wake. Mwalimu ameuliza, darasa limejibu, kipindi kinasonga mbele. Sisi watu wazima tukiyasikia hudhani watoto wanaogopa kusema hapana. Wapo wanaoogopa, kweli. Lakini wengi wao hawadanganyi hata kidogo. Wanaamini kwamba wameelewa.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Ellen Markman, alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia watoto wa darasa la tatu, la tano na la sita. Aliwaandalia vifungu vifupi vya kusomewa, kila kimoja kikiwa na jambo linalogongana na jingine ndani yake. Kimojawapo kilihusu samaki. Kilieleza kwamba samaki huhitaji mwanga ili waone, kwamba chini kabisa ya bahari hakuna mwanga wowote, kisha kikaendelea kusema kuwa samaki waishio huko chini hutambua chakula chao kwa rangi. Watoto waliombwa waseme kama kuna kitu hakikukaa sawa. Wengi hawakuona tatizo. Sentensi ya kwanza waliiona sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa, basi na habari nzima ni sawa. Na hao walikuwa wakisomewa kwa lugha ya nyumbani kwao.

Sasa mchukue mtoto wa Singida au Kwale, umpe kifungu hichohicho kwa Kiingereza. Nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka. Akifika nukta ya mwisho bila kukwama, wenzake wanampigia makofi, naye anarudi kukaa akiwa na uhakika kwamba amesoma. Huyo samaki wa gizani amempita mbele ya macho na wala hajamwona.

Walimu na vitabu vyao huzungumzia mikakati mingi ya kusoma: kutabiri kitakachofuata, kujiuliza maswali, kufupisha, kukisia maana ya neno geni kutokana na maneno yaliyolizunguka. Yote ni mizuri. Lakini yote husimama juu ya tabia moja, nayo ni msomaji kushtuka pale maana inapokatika. Asiyeshtuka hana sababu ya kutumia mkakati wowote, kama vile asiyehisi kiu asivyo na haja ya kutafuta kisima. Tabia hiyo inaweza kuanza kulelewa mtoto akiwa na miaka sita. Kinachobadilika kadiri anavyokua ni njia ya kuilea, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo lugha inayofaa kuilea ni Kiswahili, hata kama kitabu kilichofunguliwa mezani ni cha Kiingereza.

Kabla ya kuingia madarasani, tutenganishe kwanza kufundisha na kupima, maana vimechanganywa kwa muda mrefu na si kwetu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Dolores Durkin alikaa katika madarasa ya nne ya Marekani akiandika kila dakika ilitumikaje. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma alizoshuhudia, dakika 20 tu zilitumika kumfundisha mtoto namna ya kuelewa anachosoma. Muda mwingine mwingi uliishia kwenye mazoezi na maswali: soma, jibu, nikusahihishie. Yaani watoto walipimwa ufahamu kila siku bila kufundishwa.

Na maswali yenyewe yanaweza kudanganya. Soma sentensi hii: Mdogwe alibwenya kiswemba kando ya lupambe. Nani alibwenya kiswemba? Mdogwe. Alikibwenya wapi? Kando ya lupambe. Mdogwe alibwenya nini? Kiswemba. Umepata tatu kwa tatu, hongera, na hujui chochote kuhusu Mdogwe. Mtoto wa Darasa la Tano akipewa habari ya Kiingereza hufanya hivyohivyo kwa ustadi mkubwa: anatafuta maneno ya swali ndani ya kifungu, ananakili yaliyo jirani, anapata alama. Hiyo nayo ni mbinu, na ameigundua mwenyewe. Bahati mbaya inamfundisha kwamba maana haihitajiki.

Wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza mwaka 1986 kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Waliviweka katika hesabu ya kuzidisha, wala si ya kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Nimeona maelezo marefu zaidi kuhusu jambo hili, lakini sijaona yanayomsaidia zaidi mwalimu anayemtazama mtoto akihangaika na ukurasa. Ajiulize tu, sifuri iko upande gani?

Kwa mtoto wa miaka sita au saba anayejifunza Kiingereza, iko pande zote mbili. Ndiyo maana kumpa mikakati ya ukurasa mapema mno ni kupoteza muda. Mtaala wa KKK ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliwapa watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, Kiingereza kikasubiri Darasa la Tatu. Wazazi wengi hawakuupenda uamuzi huo, na waliokuwa na uwezo walikimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza. Kwa upande wa kujifunza herufi, hata hivyo, uamuzi ulikuwa na mantiki. Herufi za Kiswahili ni za kweli. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, hakuna neno litakalomgeuka. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na irabu peke yake zinakaribia 20 mahali ambapo sisi tunazo tano. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kujifunza kusoma. Wafini, Wagiriki, Waitaliano na Wahispania walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Uskoti, wakisoma Kiingereza chao wenyewe, walipata asilimia 34.

Mtoto wetu anayevuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hubeba uaminifu wa herufi zake. Akikutana na "mate", anasoma mate. Akikutana na "pole", anasoma pole, na moyoni huenda akajiuliza amepatwa na nini huyo wa kupewa pole. Mwalimu asimcheke. Mtoto ametumia kanuni sahihi kwenye lugha isiyofuata kanuni hiyo, na kinachotakiwa ni kumwonyesha waziwazi kwamba ile "e" ya mwisho haitamkwi bali huigeuza irabu iliyotangulia. Mambo kama haya yafundishwe moja baada ya jingine, kwa sauti, kila siku kidogo.

Kuna mbinu moja iliyoenea sana ambayo ningeiondoa darasani kesho asubuhi: kumwambia mtoto aangalie picha akisie neno. Chimbuko lake ni mawazo ya Kenneth Goodman, Mmarekani aliyeandika mwaka 1967 kwamba kusoma ni aina ya mchezo wa kubahatisha. Mtoto anakutana na "horse", anaona picha, anasema "donkey" kwa kuwa punda ndiye anayemjua, na mwalimu anaridhika kwa kuwa amekaribia. Amekaribia nini? Wasomaji wazuri husoma herufi zote, haraka mno kiasi kwamba hatuoni wakifanya hivyo. Anayekisia kwa picha ni yule aliyekwama.

Basi tabia ya kushtuka tuilee kwa njia gani katika umri huu? Kwa masikio na mikono. Markman huyohuyo, miaka miwili kabla ya jaribio la samaki, aliwapa watoto wadogo maelekezo ya mchezo wa karata yenye pengo kubwa ndani yake. Wa darasa la kwanza walisema wameelewa, na wengi wao waligundua pengo baada tu ya kuanza kucheza. Hapo ndipo pa kushika. Mwalimu aseme kwa Kiingereza, "Put the pen under the book," na mtoto afanye. "Put the book on the chair." Afanye. Kisha, bila kubadilisha sura, aseme: "Bring me the red cup," huku akijua vizuri kwamba hakuna kikombe chekundu wala cha rangi nyingine mle ndani. Mara ya kwanza watoto watatazamana. Mmoja atamletea kalamu nyekundu ili kumfurahisha mwalimu. Siku chache baadaye watakuwa wanapaza sauti, "No cup, teacher!" na kucheka. Wafundishwe na sentensi moja ya kutumia popote, "I don't understand," na atakayeisema apongezwe kuliko yule aliyekaa kimya. Hadithi ya Kiingereza isomwe kwa sauti na mwalimu, kwa vitendo na kikaragosi cha soksi kama kipo, na kila inaposimamishwa watoto waulizwe kwa Kiswahili: nini kimetokea, unadhani nini kitafuata, mbona amefanya hivyo?

Hadithi ikishasikilizwa, kusoma kwenyewe kunadai mtoto awe na kitu cha kutazama. Mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka 2015, ulihakikisha kila mtoto wa madarasa ya mwanzo ana kitabu chake cha Kiingereza na chake cha Kiswahili. Si jambo dogo. Pale watoto watano wanapogawana kitabu kimoja, wanne husoma wakitazama maandishi kichwa chini au kutoka ubavuni, na mikakati gani itafanya kazi hapo?

Mtoto wa miaka tisa hadi kumi na moja ni mtu mwingine kabisa, na kwa maoni yangu huu ndio umri tunaouharibu zaidi. Ameshavuka herufi. Sifuri yake imehamia upande wa lugha: anaweza kutamka ukurasa mzima na asijue nusu ya maneno. Utafiti wa Hu Hsueh-chao na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili msomaji wa lugha ya pili aelewe hadithi bila kusaidiwa, anapaswa kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo, yaani akutane na neno geni moja tu katika kila maneno hamsini. Fungua kitabu chochote cha Kiingereza cha Darasa la Tano uhesabu mwenyewe pamoja na mtoto wako. Tunawapa maandishi magumu kupita kiasi, kisha tunawafundisha kukisia maana ya neno kutokana na muktadha, wakati huo muktadha wenyewe umejaa maneno mengine ya kukisiwa.

Dawa iliyojaribiwa ni vitabu vyepesi, vingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi vya Kiingereza katika kila moja ya shule nane za vijijini Fiji, kwa watoto wa madarasa ya nne na ya tano ambao nyumbani hawakusema Kiingereza. Walimu hawakupewa mtaala mpya. Watoto walisoma au walisomewa, kila siku. Maendeleo yao katika kusoma na kusikiliza yalikwenda kwa kasi ya takriban mara mbili ya kawaida, na baadaye faida hiyo ilionekana hata katika masomo mengine.

Vitabu vikiwapo, mkakati wa kufundisha katika umri huu ni kufikiri kwa sauti, na ni rahisi kuliko unavyosikika. Mwalimu anaandika ubaoni:

"Asha put the fish on the table and went to the shop. When she came back, the cat was sleeping."

Kisha anauliza samaki yuko wapi. Darasa zima: "On the table!" Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo walivyozoea kujibu. Mwalimu asiseme wamekosea. Ageukie ubao, aweke kidole kwenye neno "cat", aseme kama mtu anayejisemea: "Hebu ngoja. Huyu paka ametokea wapi? Samaki mezani, Asha hayupo, paka amelala... Paka mwenye njaa analala kweli mbele ya samaki?" Na anyamaze. Dakika moja ya ukimya darasani ni ndefu, lakini aivumilie. Atatokea mtoto wa dawati la nyuma, mara nyingi yule asiyesifika kwa Kiingereza, aseme: "Paka ameshiba, mwalimu!" Hapo watoto wameona kwa macho yao kwamba kuna mambo ambayo hayakuandikwa na bado yamo kwenye habari. Kesho mwalimu asome mistari mingine, na safari hii wao ndio waseme "hebu ngoja."

Angalia kwamba jibu limetoka kwa Kiswahili. Ningependa wakuu wa shule waisome sentensi hiyo mara mbili. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika *Decolonising the Mind* (1986) jinsi shuleni kwao mtoto aliyekamatwa akisema Kigĩkũyũ alivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma shingoni. Leo vibao vimepungua lakini hofu ile ipo, na inazuia kitu tunachokitaka. Mtoto aliyekatazwa kutumia lugha anayofikiria atakuletea nakala ya sentensi, kwa kuwa nakala haina kosa.

Kisha huja ukuta wa Kidato cha Kwanza. Kijana wa Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya serikali amejifunza masomo yake, sayansi ikiwemo, kwa Kiswahili. Januari inafika, na biolojia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Shule huendesha kozi ya Kiingereza ya wiki chache mwanzoni, nayo husaidia kiasi, lakini wiki chache haziwezi kubeba mzigo wa miaka.

Huu ndio umri ambao mikakati kamili huanza kulipa. Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha mwaka 1984 kazi yao na wanafunzi wa darasa la saba walioweza kutamka vizuri bila kuelewa, yaani hasa watu ninaowazungumzia. Kikundi kidogo kinasoma aya moja, kisha kiongozi wake anauliza swali, anafupisha, anafafanua palipo na utata, na anatabiri aya ijayo. Baada ya hapo uongozi unahamia kwa mwingine. Mwalimu huanza yeye kuwaonyesha, kisha anajiondoa polepole. Katika darasa la watu 70 inawezekana: wanafunzi wanne wanne, wa dawati la mbele wageukie la nyuma, ubishi uwe kwa Kiswahili, na muhtasari wa sentensi mbili uandikwe kwa Kiingereza. Kelele zitakuwepo. Mkaguzi akiuliza, aelezwe ni kelele za nini.

Lakini kuna kitu kinachotangulia hata hilo. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani habari ya mchezo wa basiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Maarifa yalishinda uhodari wa kusoma. Kijana wetu anapofungua ukurasa wenye "photosynthesis", huyo si mgeni wa jambo hilo. Alijifunza usanisinuru shule ya msingi, anajua jani, klorofili, mwanga wa jua na hewa ukaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni habari ileile. Dakika kumi za mwanzo zitumike kumwuliza kwa Kiswahili anachokijua, majibu yaandikwe ubaoni upande wa kushoto, na istilahi za Kiingereza zipangwe kulia mkabala nayo. Baada ya hapo anasoma akiwa na matarajio, na mwenye matarajio hushtuka yanapovunjwa. Mwalimu wa biolojia atasema hiyo si kazi yake bali ya mwalimu wa Kiingereza. Namwelewa, ila maandishi ya biolojia hayasomwi katika kipindi cha Kiingereza.

Nimepanga mambo kwa umri, na umri unaweza kudanganya. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewapokea Wakongomani tangu 1996, na shule zao zimefuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Familia nyingi zilizohamishiwa Marekani kutoka huko zinazungumza Kiswahili. Mtoto wao wa miaka 14 akifika Kentucky au Texas huwekwa darasa linalolingana na umri wake, hata kama vita na safari vilimwachia miaka miwili tu ya shule. Mwili ni wa Kidato cha Pili, herufi ni za Darasa la Kwanza, na kichwani ana mambo ambayo mwalimu wake hajawahi kuyaona. Ukimpa kitabu cha bata na mpira anajisikia kudhalilishwa, na ana haki.

Huyu afundishwe herufi na sauti moja kwa moja, kwa haraka, mbali na macho ya wenzake. Lakini maandishi ya kusoma yatoke kinywani mwake. Sylvia Ashton-Warner, aliyefundisha watoto wa Kimaori huko New Zealand na kuandika kitabu *Teacher* mwaka 1963, alianza na maneno ambayo kila mtoto aliyataja mwenyewe kwa sababu yalimgusa. Kwa kijana wetu, asimulie kwa Kiingereza chake kidogo kikichanganyika na Kiswahili, mwalimu au mkalimani aandike sentensi tano fupi za Kiingereza, naye azisome kesho yake. Hapa kushtuka kunakuja bure. Mwalimu akiandika kimakosa kwamba mama alibaki Uvira, Kongo, ilhali alikuja nao, kijana atainua kichwa mara moja. Maana anayo kabla ya herufi, kwa hiyo kila herufi anaipima kwa maana.

Swali ninaloulizwa zaidi na walimu ni muda: mikakati hii ifundishwe kwa wiki ngapi? Chache kuliko wanavyodhani. Mwanasaikolojia Daniel Willingham amepitia tafiti na kuonyesha kwamba mafunzo mafupi ya mikakati huzaa karibu sawa na marefu. Watoto wakishaizoea "hebu ngoja", kuirudia kama somo kila Jumatatu kutaigeuza kuwa wimbo mwingine wa kuitikia. Muda unaobaki ni wa kusoma vitabu. Katika shule nyingi vipo, vimefungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu visije vikachakaa. Kabati lifunguliwe Ijumaa baada ya vipindi. Daftari moja la kuazimisha linatosha: jina, kitabu, tarehe, na safu ya nne ambayo mtoto ataandika, kwa lugha yoyote, mahali alipokwama. Jumatatu mwalimu ataanzia kwenye safu hiyo ya nne.